Mama ameanguka mara mbili. Tumzuie kufanya kazi?

Barua nyingi za safari hii zimekuja na jambo moja: kuanguka uzeeni. Wengine mmeandika kwa ajili ya wazazi, wengine kwa ajili yenu wenyewe. Nimefurahi kuziona, maana kwa kazi yangu ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) mara nyingi nakutana na mtu baada ya nyonga kuvunjika, wakati mazungumzo haya yalifaa kufanyika mwaka mmoja kabla. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linalopoteza wengi zaidi ni la watu waliopita miaka 60. Walio hai baada ya kuanguka lakini hawatoki tena nje peke yao, hao hawamo katika hesabu hiyo. Barua nyingine nimezifupisha.

Shikamoo mama. Mama yetu ana miaka 78. Alianguka bafuni miezi mitatu iliyopita, na juzi juzi akaanguka tena jikoni alipokuwa anageuka kuchukua sufuria. Hakuvunjika popote. Kaka zangu wamekaa kikao wakaamua asipike, asifagie, asitoke nje, na kila akinyanyuka awepo mtu wa kumshika mkono. Tangu hapo mama amepoa, anashinda kitini. Roho inaniuma, lakini nikisema naambiwa, "Akianguka tena utabeba wewe lawama." Nifanyeje? – Binti wa mwisho

Marahaba, binti yangu. Kaka zako wanampenda mama yao na hofu yao si ya bure: aliyekwisha kuanguka yumo katika hatari kubwa ya kuanguka tena kuliko ambaye hajawahi. Ila njia waliyoichagua ndiyo itakayomwangusha. Misuli ya mapaja na ya makalio ndiyo inayomnyanyua mtu kitini na ndiyo inayomdaka anapopepesuka. Isipotumika inayeyuka, na katika umri wa mama yenu inayeyuka upesi. Mwacheni ashinde kitini miezi miwili, halafu usiku mmoja yule wa kumshika mkono awe amelala fofofo na mama amebanwa na haja. Hapo ndipo mtakapoitwa.

Anza kwa kukaa naye, nyinyi wawili tu, umuulize namna alivyoanguka. Usimuulize kwa sauti ya kukaripia, kwa sababu wazee wengi huficha kuanguka wakihofia kunyang'anywa mambo yao, na mama yako tayari ameona ushahidi kwamba hofu hiyo ni ya kweli. Je, alijikwaa au aliteleza? Miguu ilimwishia nguvu? Alisikia kizunguzungu kwanza? Au hakumbuki kabisa, alijikuta tu yuko chini? Hilo la mwisho lisisubiri hata kidogo, mpelekeni kwa daktari upesi, kwa maana mtu anayezimia bila onyo huenda moyo wake ndio wenye tatizo. Kuanguka wakati wa kugeuka, kama alivyofanya jikoni, mara nyingi kunanielekeza kwenye miguu na uwezo wa mwili kujisawazisha.

Kisha mpime, kipimo hiki hakihitaji chombo zaidi ya saa. Weka kiti imara chenye pa kuegemeza mikono, pima mita 3 kutoka hapo uweke alama sakafuni. Mwambie asimame, aende hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Wewe kaa karibu naye. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini na anahitaji msaada wa mtaalamu. Mimi nikifanya kipimo hiki, kabla ya kutazama saa natazama mikono. Mtu ambaye mapaja yake yamechoka hawezi kunyanyuka bila kuipa mikono kazi: hushika kiti, husukuma magoti, hujitupa mbele mara moja, mara mbili, ndipo ainuke. Halafu natazama anavyogeuka. Mwenye usawa mzuri hugeuka kwa hatua chache zisizokatika. Asiyejiamini hugeuka kwa vihatua vidogo vidogo, macho yakiwa sakafuni. Ukiyaona haya kwa mama usishtuke, ila uyaandike umweleze daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Siku ya kwenda hospitali, kusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kununua bila cheti na zile alizopewa na jirani. Omba macho yake yapimwe. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo, na mzee anayeona kizingiti vizuri hakipigi teke. Kama ana kisukari, nyayo zake zichunguzwe, kwa kuwa unyayo wenye ganzi haumpi taarifa ya mahali anapokanyaga.

Sasa mazoezi, na hapa nawaomba kaka zako wasome wenyewe. Wataalamu wamekusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wazee wanaoishi nyumbani kwao, wakaona kwamba mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu robo. Yanayosaidia zaidi ni ya kusimama: kujisawazisha pamoja na kutia miguu nguvu. Matembezi ni mazuri kwa moyo, ila peke yake hayatoshi kwa kazi hii. Mama asimame mbele ya meza nzito au sinki, vidole vikigusa tu, anyanyue visigino ashuke taratibu. Atembee kimbavu kwenda na kurudi. Asimame unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, na lengo ni sekunde 10 bila kuyumba. Akae na kusimama kitini mara nyingi awezavyo bila kuhema vibaya, na kila wiki mikono isaidie kidogo kuliko wiki iliyopita. Siku tatu kwa wiki au zaidi, wala asiache akishaona nafuu, kwa sababu faida huondoka na mazoezi. Mwanzoni uwe kando yake.

Mtu atasema miaka 78 ni mingi mno kuanza. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kundi dogo la wazee dhaifu wenye umri wa miaka kama 90, waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee. Walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mama yako ni kijana mbele ya hao.

Jikoni mrudishieni. Kusimama mbele ya jiko, kugeuka, kunyoosha mkono, kuinama kidogo: hayo ndiyo mazoezi yenyewe, na juu yake yanampa sababu ya kuamka asubuhi. Kinachofaa kubadilika ni jiko. Vyombo vya kila siku vikae kati ya kiuno na bega ili asipande kigoda wala kuchuchumaa. Sakafu ikilowa ifutwe papo hapo. Bafuni wekeni vyuma vya kushikilia vilivyofungwa kwenye ukuta barabara (chuma cha kutundikia taulo hakimbebi mtu), na mkeka wa mpira usioteleza. Kapeti ndogo zinazokunjika pembe, ziondoeni zote.

Na huyo anayemshika mkono, afundishwe. Kumkamata mzee kwa juu ya mkono na kumvuta kunamwondolea usawa alionao. Asimame ubavuni, nyuma kidogo, akunje mkono wake, na mama ndiye ashike. Anayeshika ndiye anayeamua mwendo, na huyo awe mama.

Nimeshauriwa kutumia fimbo kwa ajili ya goti la kulia. Naishika mkono wa kulia lakini naona hainisaidii. Na kusema kweli naona haya. – Mwalimu mstaafu

Ihamishe mkono wa kushoto, mwalimu. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, halafu inakwenda mbele pamoja na mguu unaouma, ndipo inapoupunguzia mzigo. Urefu wake upime ukiwa umevaa viatu vyako na mkono umening'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu inakupandisha bega, ikiwa fupi inakuinamisha. Mpira wa chini ukilika, badilisha, maana fimbo yenye mpira uliosagika inateleza kuliko kutokuwa nayo. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza fimbo na mguu mbovu.

Kuhusu haya: wanafunzi wako wa zamani wakikuona barabarani na fimbo watafurahi kwamba umetoka nyumbani.

Nina miaka 71. Nameza dawa mbili za presha, moja ya tezi dume, na kidonge cha usingizi. Usiku nikiamka kwenda haja ndogo naona giza, na juzi nilijishika mlangoni ndiyo ikawa salama yangu. Nimeamua kuacha kunywa maji kuanzia mchana. Nimefanya vizuri? – Baba wa wanne

Hapana, kaka yangu, na nakuomba uanze tena kunywa leo. Mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi hushuka kwenye miguu na tumbo, na mishipa inatakiwa kujibana mara moja ili kichwa kisikose damu. Umri huichelewesha. Dawa za presha huichelewesha. Dawa nyingi za tezi dume zinalegeza mishipa pia. Kidonge cha usingizi kinakufanya uamke nusu. Ukiongeza na kiu juu ya hayo yote, damu yenyewe inapungua, na hapo ndipo giza linapokuja. Kunywa vizuri mchana, upunguze tu katika masaa mawili ya mwisho kabla ya kulala.

Nenda ukapimwe presha kwa namna hii, na uiombe kwa kuitaja: kwanza umelala dakika 5, halafu umesimama baada ya dakika 1, kisha dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, chanzo kimepatikana. Presha ya kupimwa umekaa kitini peke yake inaweza kuonekana safi kabisa. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Dawa ya presha ikiachwa ovyo inaweza kukuletea kiharusi, na kidonge cha usingizi kilichotumika muda mrefu kikikatwa ghafla kinaweza kuleta madhara makubwa. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha saa za kumeza, au kukuachisha kidonge cha usingizi pole pole. Hicho cha usingizi ningeanza nacho. Dawa za jamii ya diazepamu, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zinawaangusha wazee wengi sana, na huwa hazitiliwi shaka kwa kuwa zimezoeleka.

Usiku wa leo fanya hivi. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini. Nyanyua vidole na visigino kwa kupokezana mara kadhaa, misuli ya mashavu ya miguu, nyuma chini ya goti, isukume damu juu. Subiri kichwa kitulie. Washa taa kabla hujasimama, kwa hiyo taa iwe mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa. Simama ukiwa umeshika kitu kisichosogea, na usianze kutembea mpaka uhakikishe hakuna giza. Chooni kaa, usisimame, kwani wanaume huzimia wakikojoa wima usiku. Kama safari ni ndefu, weka chombo chumbani. Hakuna aibu katika hilo.

Wengine mliouliza kuhusu kizunguzungu kinachokuja mkijigeuza kitandani au mkitazama juu, nyumba ikizunguka kwa muda mfupi: hicho aghalabu kinatoka sikioni, kwa chembe ndogo zilizohama mahali pake. Kinatibika kwa kugeuzwa kichwa kwa utaratibu maalumu, kazi ya dakika chache, na wengi hupona bila kidonge hata kimoja. Mwombeni daktari awachunguze masikio.

Je, vidonge vya vitamini D vinatosha kuzuia mifupa isivunjike? Rafiki yangu kachomwa sindano moja kubwa, anasema ameshamaliza mwaka. – Msomaji

Kwa mtu ambaye amepimwa na kukutwa na upungufu, vina maana, kwa kipimo alichoandikiwa. Ile dozi moja kubwa ya mwaka siipendi. Huko Australia wanawake zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walifuatiliwa, nusu wakipewa yuniti 500,000 za vitamini D mara moja kwa mwaka na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliopewa vitamini ndio walioanguka zaidi na kuvunjika zaidi. Mwanamke aliyepita ukomo wa hedhi na amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka akiwa amesimama tu, aombe kupimwa uimara wa mifupa, kwa kuwa dawa za kuiimarisha zipo.

Baba mkwe aligonga kichwa kwenye fremu ya mlango alipoanguka jana. Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Anasema yuko sawa na hataki kusumbuliwa. Tumwache? – Mkamwana

Msimwache. Mpelekeni leo hii, hata kama anacheka na kula vizuri. Kwa mtu anayetumia dawa hiyo, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu bila dalili za mapema. Hata baada ya kuruhusiwa, muwe macho kwa wiki kadhaa: kichwa kinachouma na kuzidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mguu au mkono kuishiwa nguvu. Lolote kati ya hayo, mrudisheni.

Nina miaka 66, mume wangu alifariki na watoto wapo mbali. Naishi peke yangu na napenda hivyo. Kinachoninyima usingizi ni kimoja: nikianguka nisiweze kunyanyuka, nani atajua? Nimeanza kupunguza kutoka. – Mjane

Pole sana, dada yangu, na ahsante kwa kuliandika. Hofu ya kuanguka ina tabia mbaya: inamfanya mtu apunguze mwendo, miguu ilegee, na hofu iwe kweli. Kwa hiyo matembezi yako uyarudie wiki hii, pamoja na yale mazoezi niliyompa Binti wa mwisho.

Ila hofu yako inagusa jambo ambalo sisi wataalamu tunalifundisha kidogo kuliko inavyostahili. Wengi wanaoanguka bila kuumia hushindwa kunyanyuka, na kulala sakafuni zaidi ya saa moja kuna madhara yake: misuli iliyogandamizwa huharibika na kuathiri figo, ngozi hupata vidonda, mwili hupoa na kukauka maji. Kunyanyuka kutoka sakafuni ni ufundi, na hujifunzwa mtu akiwa mzima. Mwite jirani au mtoto akija kukutembelea, tandika kitu laini, mfanye pamoja.

Ukianguka, usikurupuke. Lala, pumua, jichunguze kuanzia kichwani: sogeza vidole, mikono, miguu. Kama nyonga inauma sana, au mguu mmoja umegeukia nje na unaonekana mfupi kuliko mwenzake, usijaribu kusimama; huenda nyonga imevunjika, hapo ni kuita msaada. Kama huna maumivu makali, jigeuze ubavu. Kunja magoti, sukuma sakafu kwa kiwiko na kiganja mpaka uwe umekaa kimbavu, kisha ujigeuze uwe umepiga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa. Tambaa hadi kwenye kiti kizito au kitanda. Weka mikono yote miwili juu ya kiti. Leta mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote ukanyage. Sukuma kwa mikono na mguu huo kwa pamoja, nyanyua makalio, geuka taratibu ukae. Pumzika hapo kwa muda kabla ya kusimama. Wengi hukwama pale pa kutoka ubavuni kwenda kwenye magoti. Kama magoti hayavumilii sakafu, mtaalamu anaweza kukufundisha kujivuta kwa makalio hadi kwenye ngazi au kigoda kifupi na kupanda ngazi moja moja.

Kama huwezi kunyanyuka, usilale tuli. Jivute kwenye kapeti au nguo, jifunike chochote kilicho karibu, geuza ubavu mara kwa mara, na kama unasikia watu, gonga ukuta au sakafu kwa kiatu. Sauti inachoka upesi kuliko kiatu.

Simu isikae juu ya kabati. Ishonee mfuko kwenye gauni la nyumbani au uivae shingoni kwa kamba, hata unapokwenda bafuni, kwa kuwa huko ndiko itakakohitajika. Mpe ufunguo wa akiba mtu mmoja unayemwamini. Na mkubaliane na mwanao mmoja au rafiki: kila asubuhi kabla ya saa fulani unamtumia ujumbe mfupi, neno moja linatosha. Usipofika anapiga. Asipokupata, mwenye ufunguo anakuja mlangoni. Watu wengi wanaoishi peke yao nimewaona wakilala vizuri baada ya kuweka mpango huu, na hakuna aliyelazimika kuhama nyumbani kwake.

Viatu vyako vya ndani pia vitazame leo. Ndala zilizolegea na soksi tupu kwenye sakafu laini, toa. Tafuta kiatu chepesi kinachofunga kisigino, chenye soli nyembamba isiyobonyea. Kibonyeze soli kwa kidole gumba: ikizama kama godoro, unyayo wako hauisikii sakafu. Ipitishe na kiganja, ikiwa imekuwa laini kama kioo, kiatu hicho kimemaliza kazi yake.

Na miwani ya lenzi mbili, ile ya kuonea mbali juu na kusomea chini, vua unaposhuka ngazi, uvae ya kuonea mbali tu kama unayo. Ile sehemu ya kusomea ndiyo unayotazamia ngazi, na inakuonyesha ukungu mahali mguu unapotaka kukanyaga.